Uzi Kwenye Kichupa

Bi Futi alikuwa amepiga magoti sakafuni, pini nne zikiwa katikati ya midomo yake, akijaribu kwa mara ya tatu kufunga kifungo cha mkono wa gauni la mama mkwe wake. Kifungo kilifika ukingoni mwa tundu, kikachungulia ndani, kikakataa kuingia.

"Mama, tulia basi."

"Nimetulia. Wewe ndiye unayenitekenya."

"Sijakutekenya. Nimekushika kifundo cha mkono tu."

"Basi kifundo changu kina utani leo," alisema mama mkwe, akaangua kicheko kilichomtikisa hadi pindo likamponyoka Bi Futi.

Bi Futi alizitoa pini mdomoni moja moja, akazihesabu, akazichomeka kwenye mto wake mdogo. Kisha akachukua daftari. Lilikuwa daftari la jalada gumu, na ndani yake mlikuwa na miili ya mtaa mzima: nani bega lake moja liko chini kuliko jingine, nani kiuno chake hupanda kila mwisho wa mwaka, nani huvuta tumbo ndani akipimwa kisha akalalamika suruali inabana. Kwa miaka ishirini na miwili hakuna nguo iliyorudishwa kwa sababu ya vipimo. Watu walikuwa wameshalisahau jina lake, wakamwita kwa jina la utepe aliouning'iniza shingoni, na yeye akaitika.

Kifundo cha mkono wa kulia: sentimita kumi na saba. Alikuwa ameandika hivyo wiki tatu zilizopita. Akazungusha futi upya. Kumi na nane na nusu.

"Umekosea," alisema mama mkwe, kwa furaha ya mtu aliyeokota kitu njiani.

"Sikosei, Mama."

"Kila mtu hukosea, mwanangu. Mimi pale kiwandani niliwahi kufunga katoni nzima ya viberiti vitupu. Vijisanduku vitupu! Katoni ikasafirishwa, ikapokelewa, ikauzwa. Hakuna aliyelalamika."

Bi Futi hakucheka. Alimpima kifundo cha mguu: kilikuwa kimeongezeka sentimita mbili. Alimpima kiuno: kile kile. Shingo: ile ile. Akakaa chini kwenye kigoda akaitazama ile miguu, ambayo sasa alitambua kwamba ilikuwa imevaa makubazi ya mume wake. Mtu akinenepa huanza kiunoni. Alikuwa amewashonea watu wanene na wembamba na waliokuwa njiani baina ya hayo mawili, na hakuwahi kuona mtu anayenenepa kuanzia kwenye vifundo.

"Mama, unajisikiaje siku hizi?"

"Kama msichana. Sema njaa tu inaniua. Mkate bado upo?"

Gauni lilikuwa la Jumamosi. Kila mwaka wastaafu wa kiwanda cha viberiti walikutana kwenye ukumbi mdogo wakala, wakasema uongo kuhusu ujana wao. Mwaka jana mama mkwe alikuwa ameingia na mkongojo kwa sababu ya goti, na kabla hajafika mezani, msimamizi wake wa zamani, mwanamke waliyekuwa wakimwita Nyapara, alimvutia kiti mbele ya watu wote akapaza sauti: "Mpisheni mgonjwa!" Mama mkwe alikaa kwenye kile kiti saa tatu bila kuinuka, na tangu siku hiyo hakuwa na neno jingine. Mwaka huu angeingia kwa miguu yake miwili, bila fimbo, mikono mitupu ikipepea.

Mlango ulisukumwa kwa teke.

"Tazameni! Acheni kila kitu mnitazame!"

Alikuwa ni mume wa Bi Futi, mpiga lipu ambaye mafundi wenzake walimwita Mwiko, maana walidai hata akienda harusini angeubeba mwiko wake wa lipu. Alisimama kizingitini, akavuta pumzi, akaunyanyua mkono wa kulia polepole: kiunoni, kifuani, begani, sikioni. Vidole vikakigusa kizingiti cha juu cha mlango.

"Hauumi!" alipiga kelele. "Hauumi hata chembe!"

Mama yake akapiga makofi. Bi Futi naye, pamoja na vile vifundo vilivyokuwa vikimkera kichwani, alijikuta amesimama akicheka kama amemwagiwa maji. Wiki sita zilikuwa zimepita tangu Mwiko adake ndoo ya saruji iliyokuwa ikidondoka kutoka jukwaani, na kano ya bega ikachanika. Wiki sita hakuweza kuchana nywele. Na Jumatatu ndiyo ilikuwa siku yake ya mwisho: msimamizi wa ujenzi alikuwa amesema, bila ubaya wowote, kwamba dari za vyumba saba haziwezi kumsubiri mtu mmoja. Kuta hupigwa lipu na yeyote, lakini dari zilikuwa za Mwiko. Asipoweza kunyanyua mkono Jumatatu, zingekwenda kwa fundi mwingine aitwaye Kipara, na Mwiko angemwaga unga.

"Njoo nikuchome basi," alisema Bi Futi. "Leo hatujachoma."

Furaha ya Mwiko ikapungua kidogo. Alikuwa mtu wa kubeba mifuko miwili ya saruji begani, lakini sindano nyembamba kama unywele ilimfanya afumbe macho na kuimba.

*

Dawa ilikuwa imetoka kwa Kocha, kijana mwenye ukumbi wa kunyanyulia vyuma. Ilikuwa ni unga mweupe ndani ya kichupa kidogo kama kidole gumba, unachanganywa na maji maalumu, unawekwa kwenye friji. Kocha aliiita peptidi. Alieleza kwamba ni vipande vidogo vya protini vinavyokwenda kuuambia mwili, hapa pamechanika, njooni mshone. Kisha akaongeza kwamba hii ilikuwa mchanganyiko wa mbili: moja ya kuponya, nyingine ya kuamsha homoni ya ukuaji. Bi Futi alipoigeuza lebo akaona maandishi madogo: kwa utafiti wa maabara tu, si kwa matumizi ya binadamu.

"Hayo huandikwa kwa ajili ya serikali, shemeji," Kocha alimtuliza.

"Haidhuru," Mwiko alisema. "Kuanzia leo mimi ni maabara."

Kichupa kimoja kiliwagharimu malipo ya dari mbili, na kilitakiwa kudumu siku ishirini. Bi Futi alipewa kazi ya kuchoma kwa sababu ndiye mwenye mkono wa sindano. Vizio kumi vya bomba la sindano, tumboni, kila siku. Aliandika yote kwenye daftari, kwenye ukurasa wa vipimo vya mume wake, chini ya urefu wa suruali.

Lakini kichupa kilikuwa kinashuka upesi. Jana, bila kumwambia mtu, alikuwa amefunga uzi mwekundu kukizunguka, sawasawa na usawa wa maji. Sasa alifungua friji, akakitoa, akakiinua dirishani.

Maji yalikuwa chini ya uzi kwa nusu ya ukucha.

Alifunga friji polepole. Mwiko alikuwa ameshalala kochini, shati juu, macho yamefumbwa, ameanza ubeti wa kwanza.

"Baba, nyamaza kidogo. Umejichoma mwenyewe leo?"

Mwiko akafumbua jicho moja. "Mimi?"

"Nimeweka alama. Maji yamepungua."

"Mimi nijichome? Mimi ninayeimba? Mke wangu, siku nitakayojichoma mwenyewe mtanikuta nimezimia na wimbo haujafika kiitikio."

Hilo lilikuwa kweli tupu. Ndipo ikasikika sauti ya mtu akitafuna mkate kwa bidii.

"Mama?" alisema Mwiko.

"Mmm."

"Mama!"

Mama mkwe alimeza. Alijipangusa makombo kifuani, akawatazama mmoja mmoja, kisha, kwa heshima zake zote, akaukunjua upande wa gauni lenye pini na kuwaonyesha tumbo. Kulikuwa na vidoa vyekundu kuzunguka kitovu, vimepangwa kwa mistari, kama vile alivyokuwa akipanga njiti.

"Nilichukua kidogo tu," alisema. "Goti nalo si kiungo? Na mtoto si wangu? Kilicho chake ni changu, nilimzaa kwa uchungu wa siku mbili."

"Tangu lini?"

"Siku kumi na moja. Na sindano nilinunua zangu, msidhani mimi mchafu. Nilifuata maelekezo yale yale. Kumi. Nilihesabu mistari kumi."

"Nionyeshe hayo mabomba yako ya sindano," alisema Bi Futi.

Mama mkwe akayatoa kwenye mkoba wake, yamefungwa kwa leso. Bi Futi alilishika moja, akalisogeza karibu na jicho kama anavyotazama mshono uliokwenda upande. Mistari midogo. Kumi. Ishirini. Thelathini. Kati ya kumi na ishirini kulikuwa na mistari midogo mitano.

"Mama, hapa mstari mmoja ni viwili. Ukihesabu mistari kumi, umechukua ishirini."

"Kwa nini mstari mmoja uwe viwili? Kwenye futi yako mstari mmoja ni mmoja."

"Hii si futi."

"Basi wameitengeneza vibaya."

Bi Futi alilitazama tena lile bomba. Alikwenda kwenye kabati, akatoa pakiti aliyonunua Jumamosi, mabomba madogo yalipokwisha dukani na muuzaji akampa haya makubwa kidogo, akisema ni yale yale. Alitoa moja. Akalilaza kando ya lile la mama mkwe, juu ya meza ya kukatia nguo. Yalifanana kama pande mbili za kola.

Kwa siku nne alikuwa amehesabu mistari kumi. Mstari mmoja, kizio kimoja. Macho yake yalihesabu yalivyozoea kuhesabu, miaka ishirini na miwili, bila kuuliza.

Alikaa kigodani. Masikio yalimwaka. Angeweza kunyamaza, hakuna aliyekuwa akitazama. Mwiko alikuwa ameanza tena kuimba.

"Nimekosea," alisema.

Wimbo ukakatika. "Umesemaje?"

"Nimekosea vipimo. Na wewe nimekuchoma maradufu. Siku nne."

Mwiko akaketi, uso mwekundu, macho yaking'aa, akasema: "Kwa hiyo mimi nimepona mara mbili!"

Mama yake ndiye aliyeanza. Kicheko kilimtoka puani kwanza, kisha kikamshika mwili mzima, akampiga mwanawe begani, lile bega bovu, na Mwiko akapiga kelele "Hauumi!" na hilo likawamaliza kabisa. Bi Futi alijikaza. Alijikaza kweli. Lakini alipoona mama mkwe ameinama akijishika mbavu, pini zikimchoma kila akicheka na yeye akipiga yowe na kucheka tena, alishindwa, akaweka uso juu ya daftari na kucheka mpaka karatasi ikalowa.

Aliponyanyua kichwa ndipo alipokiona kidole.

Pete ya ndoa ya mama mkwe ilikuwa imezama kwenye nyama, na juu yake kidole kilikuwa kinene, kinang'aa, kimeanza kuingia rangi ya bilinganya.

"Mama, vua pete."

"Haivuliki tangu juzi. Na vidole vyenyewe vimekufa ganzi, kama nimevaa glavu." Alisimama ili akanawe kwa sabuni, akashika meza. "Mbona nyumba inacheza?"

"Kaa chini," alisema Bi Futi, na safari hii hakuna aliyecheka.

Alichukua uzi wa hariri, akapitisha ncha chini ya pete kwa sindano butu, kisha akauzungusha kwenye kidole, mzunguko kando ya mzunguko, akiubana, kuanzia kwenye pete hadi juu ya kiungo, mpaka kidole kikawa kama kibiringo cha uzi. Akaanza kuufungua kutoka chini. Pete ikasogea. Mama mkwe aliuma meno, akamshika mkwewe bega. Mzunguko mmoja, mzunguko mmoja, pete ikapanda juu ya kiungo, ikatoka, ikaanguka sakafuni na kubingirika chini ya cherehani.

"Nilimwambia marehemu hatanitoka," alisema mama mkwe kwa sauti ndogo. "Kumbe alikuwa anasubiri fundi."

*

Walikwenda zahanati vile vile walivyokuwa, mama mkwe kati yao na gauni lenye pini. Kwenye benchi aliketi upande upande. Kila mgonjwa aliyesogea karibu alichomwa na kuomba radhi. Nesi alimtoboa kidole kupima sukari, akaitazama mashine, akaitikisa, akampima tena.

"Kumi na nne. Mama, una kisukari?"

"Sina. Nina goti."

"Umetumia dawa gani?"

Watu tisa kwenye benchi waliacha kuzungumza. Bi Futi alitoa kichupa mfukoni, na uzi wake mwekundu bado umefungwa kiunoni.

"Hii."

"Nani aliyemchoma?"

"Alijichoma. Na huyu," alimwonyesha mume wake, "nimemchoma mimi."

"Wewe ni muuguzi?"

"Mimi ni fundi cherehani."

Mtu mmoja mwishoni mwa benchi alikohoa ili asicheke. Bi Futi aliinamisha kichwa, akaanza kuokota nyuzi kwenye sketi yake, ingawa hazikuwepo.

Daktari alikuwa kijana mwenye sauti ya chini, na hakumgombeza mtu. Alisoma lebo, akaisoma tena, akauliza maswali na kuandika majibu. Kizunguzungu? Njaa? Uso kuwaka? Ganzi vidoleni? Kuvimba vifundo? Kila swali mama mkwe aliitikia "ndiyo" kwa sauti ya ushindi, kama anayejibu mtihani.

"Sehemu ya pili ya mchanganyiko huu, ile ya homoni, inaweza kumfanya mtu azuie maji mwilini na kupandisha sukari," daktari alisema. "Hayo ninaweza kuyaeleza. Hiyo sehemu ya kwanza, ya kuponya, sina la uhakika la kuwaambia. Waliochunguzwa ni wachache mno. Wengi walioonekana kupona ni panya."

"Panya?" aliuliza Mwiko.

"Panya wa maabara. Kano zao zilikatwa, wakachomwa, zikaunga vizuri."

Mwiko alifikiri. "Lakini panya hapigi lipu dari."

"Ndilo tatizo lenyewe," daktari alisema, na kwa mara ya kwanza akatabasamu. "Wala hatujui ndani ya chupa hii mna nini. Labda kilichoandikwa, labda nusu, labda kingine. Acheni leo. Mama atakunywa maji, atapumzika, atarudi kesho na keshokutwa tumpime. Nadhani itashuka. Nasema nadhani."

"Lakini mkono wangu umepona, daktari. Tazama." Mwiko akaunyanyua hadi sikioni.

Daktari akampeleka chumba cha nyuma, kwa mwanamke mfupi mwenye miwani minene ambaye kazi yake ilikuwa mazoezi ya viungo. Mama huyo alimwambia Mwiko anyooshe mkono mbele, kidole gumba kikitazama chini. Akaweka vidole viwili juu ya mkono, vidole viwili tu, akabonyeza.

Mkono ukashuka kama tawi lililooza.

Mwiko aliutazama kana kwamba ni wa mtu mwingine. "Haujauma," alinong'ona.

"Sikusema unauma. Nimesema nini?"

"Hujasema kitu, mama."

"Basi nasema sasa. Maumivu yameondoka, nguvu haijarudi. Huenda ni hiyo dawa iliyoyaondoa, huenda ni wiki sita za kukaa bila kazi, sijui. Ila ninajua ukinyanyua ubao wa saruji juu ya kichwa Jumatatu, kano iliyobaki itakatika yote, na wewe utakuwa unacheka. Miezi mitatu. Mazoezi kila siku, kwa mpira wa kuvuta. Mipira yangu imekwisha, itabidi ununue."

"Upana gani?" aliuliza Bi Futi.

"Kama vidole vitatu. Uwe unavutika, lakini ukaidi kidogo."

"Lastiki ya kiuno cha sketi," alisema Bi Futi. "Ninayo mita arobaini."

Yule mama alivua miwani, akaifuta, akamtazama vizuri. "Niletee na mimi mita kumi," alisema.

*

Alhamisi sukari ilikuwa kumi na mbili, Ijumaa tisa. Ijumaa hiyo hiyo Kocha alikuja mwenyewe na kichupa kipya, akiruka kizingiti kwa miguu miwili kama kawaida yake. Bi Futi alikuwa amejiandaa. Usiku mzima alikuwa amepanga maneno, makali, kwa mpangilio. Lakini Kocha alipomnyooshea mkono kumsalimu, aliutazama ule mkono na maneno yote yakayeyuka.

"Kocha, kaa hapa." Akamzungushia futi. "Nilikushonea shati la mikono mirefu mwezi wa tatu. Hapa ulikuwa kumi na tisa. Sasa ni ishirini na moja."

"Mazoezi, shemeji."

"Hakuna msuli hapa. Vidole vyako vinasikia?"

Kocha akacheka, kisha akaacha. Alivitazama vidole vyake vikubwa. "Asubuhi haviwezi kufunga kamba za viatu," alisema polepole. "Nilidhani nalala vibaya."

"Nenda kapime sukari."

"Shemeji, naapa, mimi mwenyewe ninatumia. Nisingewauzia kitu nisichotumia."

"Najua," alisema Bi Futi. "Ndiyo maana nakwambia nenda kapime."

Alikwenda. Kichupa kipya alikisahau mezani, na Mwiko akakitazama kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, mpaka mke wake alipokichukua na kukitia mfukoni ili akipeleke kwa daktari.

Jumamosi mama mkwe alikwenda mkutanoni. Bi Futi alikuwa amefumua mikono ya gauni na kuongeza kipande, safi kiasi kwamba ungedhani ndio mtindo wenyewe. Mkongojo aliuchukua. Aliununia kwanza, akaukalia, akadai umepotea, mwisho akauchukua. Alisindikizwa hadi mlangoni, na Bi Futi alirudi kwenye cherehani akishona huku roho iko juu juu.

Alasiri mlango ulifunguka na kicheko kikaingia kabla ya mwenyewe.

"Nipeni kiti! Nipeni maji! Mpisheni mgonjwa!" Mama mkwe alijitupa kochini, akatoa karatasi kwenye mkoba, na futi ya akiba ya Bi Futi, ambayo hakuna aliyejua ameichukua. "Sikilizeni. Nimeingia. Nyapara yuko mezani, amevaa bangili tatu. Hakuinuka. Nikangoja anivutie kiti, wapi. Nikamwangalia usoni, mwekundu. Nikaangalia sahani: mikate minne! Nikasema moyoni, huyu namjua. Nikamwambia, dada, nipe mkono. Zile bangili hazisogei! Zimezama!"

"Usiniambie," alisema Mwiko.

"Nikamuuliza sikioni: Kocha? Akaruka kama ameguswa na moto. Kumbe na yeye alitaka kuingia bila kile kiatu chake kizito cha kunyoosha mguu mbovu. Na hakuwa peke yake. Nimewapima wote, mwanangu, mistari yako nimeisoma sawasawa. Wapo watano." Alimpa Bi Futi karatasi. "Watano kati ya kumi na wanane! Robo ya kiwanda imevimba! Tulicheka mpaka mwenye ukumbi akaja kuuliza tumekunywa nini. Jumatatu nawapeleka zahanati, kwa mstari mmoja, na Nyapara mbele."

Bi Futi alisoma karatasi. Vipimo vilikuwa vimeandikwa kwa unadhifu, mkono wa kulia na wa kushoto, kila mmoja na jina lake la kiwandani.

"Ulizitoaje bangili?" aliuliza.

"Kwa uzi," alisema mama mkwe. "Kwani wewe peke yako ndiye fundi?"

*

Jumatatu Bi Futi aliongozana na mume wake hadi kwenye jengo. Hakusema kwa nini, lakini Mwiko alijua: yeye mwenyewe alikuwa na sura ya mtu anayeweza kudanganya akipata nafasi, maana mkono uliendelea kunyanyuka, kila asubuhi, bila kuuma.

Msimamizi alikuwa juu ya rundo la mchanga akihesabu mifuko. "Mwiko! Mkono unapanda?"

Mwiko alimtazama mke wake, akautazama mkono. Mafundi kama sita walikuwa wamesimama, Kipara akiwa katikati yao, beleshi begani.

"Unapanda mtupu," alisema. "Ukiwa na kitu, hapana. Miezi mitatu."

"Ulisema dawa imekuponya."

"Iliponya panya, bosi."

Ilibidi aeleze, na alipokuwa akieleza mafundi walikaa chini mmoja mmoja kwa kicheko. Alieleza habari ya mistari, ya pete, ya mama yake na mikate. Alijitukanisha mwenyewe kwa bidii, kama kwamba kicheko chao kingeweza kununua kitu. Bi Futi alisimama kando. Msimamizi naye alicheka, kisha akapangusa macho.

"Dari ni za Kipara," alisema.

"Najua."

"Kuta je? Unafika wapi bila kujiua?"

Bi Futi akajibu kabla ya mume wake. "Begani. Mita moja na sentimita arobaini na mbili. Nimempima mara mbili."

"Basi atapiga nusu ukuta, hapa chini, kwa nusu malipo. Juu atapiga Kipara akiwa jukwaani. Na pale mtakapokutana nisione mshono."

Mpiga dari aliyepewa kupiga nusu ukuta. "Sawa, bosi," alisema Mwiko.

Bi Futi alichora mstari kwa chaki ya kitambaa kuzunguka chumba kizima, akaenda nyumbani kushona. Aliporudi alasiri kumchukua, ukuta ulikuwa umepanda kutoka sakafuni, laini, wa kijivu, bado una unyevu, ungeweza kulalia shavu. Mafundi wengi walikuwa wamekwenda kunywa chai. Mwiko alikuwa peke yake chumbani, amesimama juu ya ndoo iliyofudikizwa, ubao wenye saruji mkononi, akiitazama sehemu tupu iliyo juu ya mstari.

Bi Futi hakumwita. Alisimama mlangoni.

Mkono wa Mwiko ulikwenda hadi begani. Ukasita. Ukapanda kidogo, na saruji juu yake, na ubao ukaanza kutetemeka, mtetemo mdogo sana, kama wa kikombe mezani gari likipita nje. Mwiko aliutazama ule mtetemo kwa muda. Kisha akashuka kwenye ndoo.

"Haujauma," alisema bila kugeuka. Alijua mke wake yupo.

"Ndicho kinachonitisha."

"Hata mimi." Akatupa saruji iliyobaki kwenye karai, akachukua msumari, akaanza kuukwaruza ukingo wa lipu kando ya mstari, michoro mifupi mifupi, ili ya kesho ishike. Alipiga mluzi. Kutoka juu ya jukwaa la chumba cha pili kichwa kinachong'aa kikachungulia kupitia tundu lililo chini ya dari.

"Wewe wa chini!" alipaza sauti Kipara. "Umeniachia ukingo mbovu!"

"Nimekukwaruzia ushike, bwana wa dari! Kesho utanishukuru!"

"Kesho nitakumwagia ndoo!"

"Mwaga! Nina shemeji yako hapa atakupimia kanzu ya kuzikia!"

Kipara alicheka mpaka jukwaa likalia. Bi Futi naye akacheka, akaokota mfuko wa mume wake kabla hajauwahi, akautia kwenye bega lake mwenyewe, na Mwiko akaenda kuosha mwiko, kwa mkono wa kushoto, akiacha kuta tatu hazijaguswa, za kesho.